Fedha za mtoto zipitie mlango wa nyumbani kwao

Mtoto wa Karagwe au Kyerwa anaweza leo kuwa na mfadhili ng'ambo asiyemjua, anayekatwa dola 40 hivi kila mwezi ili mtoto huyo asome, ale na atibiwe. Fedha hizo hukusanywa makanisani, mashuleni, kwenye matembezi ya hisani na kwa matangazo ya televisheni, kisha hupita kwenye ofisi kadhaa kabla ya kufika katika wilaya hizi mbili za mkoa wa Kagera, Tanzania, mpakani mwa Uganda na Rwanda. Anayetoa anastahili heshima, kwa sababu anatoa jasho lake kwa mtoto asiye wa ukoo wake wala wa taifa lake. Heshima hiyo ndiyo inayotulazimu kuuliza swali ambalo mara nyingi tunaona haya kumuuliza mgeni mwenye nia njema: fedha hizo zifike wapi ili zimfae mtoto kweli? Jibu langu ni kwamba zifike kwenye kaya yake, hasa wakati kaya hiyo inapopigwa na msiba, ugonjwa au hasara ya shambani, na zijadiliwe hadharani na kijiji chake. Kumteua mtoto mmoja, kumpiga picha na kumhudumia peke yake ni njia iliyosaidia baadhi, lakini kwa Karagwe na Kyerwa haigusi mahali ambapo maisha ya mtoto huharibikia.

Njia hii ya mtoto mmoja na mfadhili wake ina asili yake. Eglantyne Jebb na dada yake Dorothy Buxton walianzisha Save the Children mjini London mwaka 1919, watoto wa Ulaya walipokuwa wakifa kwa njaa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1937, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, ndipo ulipoanza mpango ambao leo ni Plan International, wa kumuunganisha mfadhili mmoja na mtoto mmoja. Compassion nayo ilianza mwaka 1952 kwa ajili ya yatima wa vita vya Korea. Mashirika haya yalizaliwa kwa ajili ya mahali ambapo vita vilikuwa vimefuta nyumba, ukoo na kijiji, na mtoto amebaki peke yake kambini. Kwa mtoto wa aina hiyo, kumchukua mmoja mmoja kulikuwa na maana. Mtoto wa Nkwenda huko Kyerwa au Nyaishozi huko Karagwe hayuko hivyo. Hata aliyefiwa na wazazi wote kwa kawaida ana bibi, shangazi, mjomba au kaka mkubwa anayelala naye chini ya paa moja, na kibanja cha migomba na kahawa kinacholisha nyumba hiyo. Hali ya mtoto huyo haiwezi kupanda nyumba ile ikiwa inaporomoka.

Tuziangalie nyumba zenyewe. Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, na hadi sasa zinaishi kwa uchumi mmoja: ndizi na maharage kwa chakula, kahawa ya robusta kwa fedha. Anayepita barabara ya Omurushaka kwenda Murongo na kuona migomba imefungana pande zote anaweza kudhani njaa haijui njia ya kufika huku. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34.3 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Kagera wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Ndizi hujaza tumbo bila kumpa mtoto protini, mafuta na madini ya kutosha kukua. Sehemu kubwa ya vitu hivyo hununuliwa, na kaya ya mkulima wa kahawa hupata fedha kwa msimu. Kahawa huanza kuvunwa kwenye mwezi wa tano, ilhali shule hufunguliwa Januari, na mtoto hudaiwa sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula wakati mfukoni hamna kitu.

Pengo hilo la miezi minne au mitano ndilo linalozaa butura. Mkulima anamwendea mwenye fedha na kumuuzia kahawa ikiwa bado maua au mbichi mtini, kwa bei ya kutupa, ili amalize shida ya siku hiyo. Viongozi wa mkoa wamepiga marufuku butura mara nyingi, na bado inaendelea, kwa sababu marufuku haimpi mzazi fedha za sare. Katika misimu ya karibuni bei ya kahawa ya maganda imepanda zaidi ya mara mbili ukilinganisha na ya mwaka 2020, na wapo wanaosema kwamba kwa bei hiyo Karagwe na Kyerwa hazihitaji tena msaada wa mtu. Wanasahau kwamba aliyeuza butura mwezi wa pili hafaidi bei nzuri ya mwezi wa saba. Faida inakwenda kwa aliyemkopesha, na mwaka unaofuata kaya inaanza tena ikiwa na deni. Hapa pana shida ya mtoto isiyoonekana kwenye picha yoyote ya kuombea msaada, nayo ni kwamba mavuno ya nyumbani kwao yameliwa kabla hayajaiva.

Kagera tuna bahati ya kuwa na ushahidi ambao mikoa mingi ya Afrika haina. Kuanzia mwaka 1991 hadi 1994, Benki ya Dunia na Chuo cha Muhimbili walifanya utafiti wa afya na maendeleo katika kaya 915 za mkoa huu, Karagwe ikiwemo, wakati ukimwi ulipokuwa ukizoa wazazi wenye umri wa kufanya kazi. Ikumbukwe kwamba wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983. Mwaka 2004 watafiti walirudi kuwatafuta watu walewale, waliobaki kijijini na waliohama. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliwafuatilia watoto 718 ambao mwanzoni hawakuwa yatima. Asilimia 19 kati yao walikuwa wamefiwa na mzazi mmoja au wote kabla ya kutimiza miaka 15. Waliofiwa na mama walikua wakiwa wafupi kwa sentimita 2 kuliko ambavyo wangekuwa, walikosa takriban mwaka mmoja wa shule, na utu uzimani matumizi yao yalikuwa chini kwa asilimia 8.5 kuliko ya wenzao wa hali kama yao ambao mama zao waliishi. Hasara hiyo haikufidiwa na miaka iliyofuata.

Maana ya matokeo hayo ni nzito kuliko takwimu zenyewe. Kufa kwa mama kunamwachia mtoto alama ya kudumu mwilini, na alama hiyo inaweza kuwekwa kabla mtu hajampeleka mtoto huyo kuandikishwa kwenye orodha ya ufadhili. Katika nyumba nyingi za Karagwe na Kyerwa fedha za kahawa ziko mikononi mwa baba, na mama ndiye mwenye maharage, mboga, uji wa mtoto na safari ya kliniki. Akiondoka yeye, mpangilio wote wa chakula cha mtoto unakatika, hata kama kahawa iko palepale. Kwa hiyo shirika linalotaka kumsaidia mtoto wa huku lingeanza kwa kuhakikisha mama yake hafi: anafika hospitali ya Nyakahanga au kituo cha afya cha karibu kabla uchungu haujamzidi, anapimwa na kuendelea na dawa zake za kufubaza virusi kama anazihitaji, na hazuiwi na nauli ya bodaboda wala gharama ya matibabu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mwili wa mtoto ukishadumaa haujengwi upya.

Utafiti uleule wa Kagera ulitoa somo la pili. Beegle, akiwa na Rajeev Dehejia na Roberta Gatti, alionyesha kwamba kaya zilizopata hasara ya mazao ziliongeza saa za kazi za watoto, na kwamba zenye akiba au mali ziliweza kupunguza mzigo huo. Hakuna ajabu katika hilo. Mzazi asiye na kitu cha kuuza wala mahali pa kukopa huutumia mkono wa mtoto kama mkopo wake wa mwisho. Baada ya mnyauko wa bakteria kuingia Kagera mwaka 2006 na kukausha migomba, kaya nyingi zilijifunza upya jinsi shamba linavyoweza kulala katika msimu mmoja. Mtoto anayetolewa darasani kwenda kuchuma kahawa ya jirani kwa ujira, au kuponda mawe kwenye machimbo ya bati huko Kyerwa, kwa kawaida hajatolewa na mzazi mkatili. Ametolewa na nyumba iliyokosa kinga. Kumlipia mtoto huyo gharama za shule na kumwachia mzazi wake madeni yake ni kufanya nusu ya kazi, kwa kuwa wadogo zake watatu watafuata njia ileile.

Somo la tatu linatoka katika historia tunayoishi nayo. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Ngara na Karagwe, na nyuma yao yakaja mashirika ya misaada kutoka kila pembe ya dunia. Wakimbizi walikuwa wamekimbia vita na mauaji, na kuwasaidia kulikuwa wajibu. Mwishoni mwa mwaka 1996 wakarudishwa kwao, mahema yakakunjwa na mashirika mengi yakaondoka. Baadaye mtafiti Javier Baez alichunguza kilichowapata watoto wenyeji wa upande huu wa Kagera. Alikuta magonjwa ya kuambukiza yameongezeka, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vimepanda, na waliokuwa wadogo wakati ule wamekua wakiwa wafupi kwa sentimita 1.8. Lawama haiwahusu wakimbizi, waliokuja wakikimbiza roho zao. Inahusu namna ya kuhesabu: msaada ulipangwa kwa orodha ya walio ndani ya kambi, na mtoto wa jirani, aliyechangia nao kuni, maji na zahanati, hakuwemo kwenye orodha. Kila mpango unaoanza kwa orodha ya wateule una hatari hiyohiyo, uwe wa kambi yenye watu laki moja au wa mtoto mmoja katika kitongoji.

Tuje kwenye vitendo. Shirika linalochangisha kwa ajili ya watoto wa wilaya hizi lingeweza kuweka mfuko wa mikopo nafuu unaofunguliwa Januari, kupitia chama cha msingi cha ushirika au kikoba kinachoaminika, mkulima akalipa baada ya kuuza kahawa yake kwa bei ya mnada. Mkopo wa laki moja mwezi huo unaweza kuokoa kahawa ya thamani kubwa zaidi, na fedha ikirudi inakopeshwa kwa mwingine. Lingeweza pia kuilipia kaya matibabu. Chini ya Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, kaya ya watu sita ilikuwa ikikatiwa kadi kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Dola 40 kwa mwezi ni takriban shilingi milioni 1.2 kwa mwaka, kiasi ambacho kwa kiwango hicho kingezikatia kadi kaya 40. Na lingeweza kuchangia chakula cha mchana shuleni kwa wanafunzi wote, maharage na karanga zikinunuliwa kwa wakulima wa kata hiyohiyo, ili mtoto ambaye mzazi wake hakuweza kutoa mchango asikae nje ya jiko akiwatazama wenzake. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji picha ya mtoto mwenye machozi.

Wapo watakaopinga, na hoja yao yenye nguvu zaidi ni kwamba ufadhili wa mtoto mmoja mmoja umepimwa na kuonekana unafanya kazi. Ni kweli. Mwaka 2013 Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge walichapisha utafiti wa watu 10,144 katika nchi sita, zikiwemo Kenya na Uganda, wakiangalia waliowahi kufadhiliwa na Compassion walipokuwa watoto. Walikuta kwamba ufadhili uliongeza kati ya mwaka 1.03 na 1.46 wa masomo, na kwamba waliofadhiliwa walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata kazi za ofisini. Anayesema ufadhili huo ni kupoteza fedha anapingana na ushahidi. Lakini tuweke takwimu mbili pamoja. Ufadhili wa miaka mingi unampa mtoto mmoja mwaka mmoja na ushei wa shule, na kifo cha mama mkoani Kagera kinamnyang'anya mtoto mwaka mmoja wa shule, pamoja na sentimita mbili za kimo ambazo shule haiwezi kuzirudisha. Mama akiokolewa, wanaofaidika ni watoto wake wote kwa pamoja. Swali la mwenye fedha chache na watoto wengi ni lipi kati ya mawili yanayofanya kazi linawafikia wengi zaidi na mapema zaidi, na kwa wilaya hizi jibu linaelekea nyumbani.

Hoja ya pili ni ya wachangishaji wenyewe. Wanasema binadamu hutoa kwa sababu ya uso anaoutazama, na kwamba ukiondoa picha ya mtoto na barua yake, fedha zinakauka. Wengine huongeza kwamba mashirika makubwa yameshaacha kumpa mtoto mmoja fedha mkononi, na sasa huzichanganya kwenye miradi ya eneo zima. Kama ndivyo, basi mtoaji aambiwe hivyo waziwazi. Mwaka 1998 gazeti la Chicago Tribune la Marekani lilichapisha uchunguzi kuhusu mashirika ya ufadhili wa watoto, likaeleza kwamba baadhi ya watoto waliosajiliwa walipata kidogo sana, na kwamba mmoja wao, wa nchini Mali, alikuwa ameshafariki huku mfadhili wake akiendelea kulipa. Imani iliyojengwa juu ya picha huvunjika picha inaposema uongo. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inaziweka taarifa za mtoto katika kundi la taarifa nyeti. Jina, sura, ugonjwa na umaskini wa mtoto wa Kaisho si mali ya kutangazia biashara ya huruma. Mtoaji anayeambiwa kwamba mchango wake umewapatia wanafunzi wa shule nzima maharage kwa muhula mmoja ana kitu cha kuaminika na cha kukagulika cha kujivunia.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, hata na sisi wenyewe: ukimpa mzazi fedha, atainywa. Walevi wapo, kama walivyopo katika kila nchi, lakini sera haijengwi juu ya jirani mmoja tunayemfahamu. David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti kutoka Amerika ya Kusini, Afrika na Asia kuhusu fedha wanazopewa maskini, wakakuta kwamba kwa jumla matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka, na wakati mwingine yalipungua. Hapa nyumbani, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulipojaribu kutoa ruzuku kwa kaya maskini za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha kuanzia mwaka 2010, tathmini ilionyesha kwamba kaya hizo zilijiunga zaidi na bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, watoto wao walivaa viatu zaidi, na siku za kuugua za walio chini ya miaka mitano zilipungua. Mzazi maskini anajua mtoto wake anakosa nini. Kumwona kama kizuizi cha kuzungukwa ili kumfikia mtoto ni kumdhalilisha mbele ya mtoto huyohuyo, ambaye anajifunza kwamba mlezi wake wa kweli yuko ng'ambo na aliye naye nyumbani hana lolote.

Mawazo hayohayo ya kumzunguka mzazi ndiyo huzaa vituo vya kulelea yatima, na hapa tunapaswa kuwa wakali zaidi. Jengo ni rahisi kuchangiwa kwa sababu linaonekana na lina bango la mfadhili. Lakini uchunguzi uliofanywa Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000, kwa watoto 136 waliokuwa kwenye vituo, ulionyesha kwamba waliohamishiwa kwenye familia walikua vizuri zaidi kiakili kuliko waliobaki, na kwamba kadiri mtoto alivyotoka mapema ndivyo alivyopona zaidi. Rwanda ilianza mwaka 2012 kuwarudisha watoto wa vituo kwenye familia, na Kenya ina mkakati wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2032 wenye lengo hilohilo. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake. Makao yabaki kwa mtoto ambaye kweli hana pa kulala usiku huu, na fedha za kujenga mabweni mapya zimfuate bibi anayelea wajukuu wanne kwa jembe moja.

Hoja ya nne inatoka kwa wanaovijua vijiji vyetu: fedha zikipita kwa kijiji, zitaishia kwa ndugu wa mwenyekiti. Hofu hii ina msingi. De Weerdt alipochora mahusiano ya kusaidiana ya kaya zote 119 za kijiji cha Nyakatoke hapa Kagera mwaka 2000, aliona kwamba maskini ndio waliokuwa na watu wachache wa kuwategemea. Ukimwachia kila mtu amsaidie anayemjua, aliye chini kabisa atasahaulika. Tiba yake ni kusoma hesabu hadharani. Majina ya kaya, kiasi kilichoingia na kilichotoka visomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya watu wanaojua nani ana nini, na anayehisi kaachwa apate nafasi ya kusimama na kusema. Sheria imeshafungua mlango huo: kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za mwaka 2018 zinayataka mashirika kutangaza fedha zinazozidi shilingi milioni 20 ndani ya siku 14. Kilichotangazwa gazetini kisomwe pia kwenye makao makuu ya wilaya, Kayanga na Rubwera, na kwenye kila kijiji kinachotajwa katika andiko la mradi.

Tunao hata mfano wa kuigwa ndani ya wilaya zetu. Chama kikuu cha ushirika cha KDCU ni miongoni mwa vilivyouza kahawa ya Karagwe kwa mfumo wa Fairtrade. Katika mfumo huo, mnunuzi wa nje huongeza senti 20 za dola juu ya bei kwa kila ratili ya kahawa, na fedha hizo haziamuliwi na mnunuzi. Huamuliwa na wakulima wenyewe kwenye mkutano wao mkuu, wakichagua darasa, maji, zahanati au kuboresha mashamba. Mfumo huu una upungufu wake, na ushirika una historia ya makosa ambayo wakulima hawajaisahau. Hata hivyo kanuni yenyewe ni sahihi: fedha inatoka mbali na uamuzi unafanyika hapa, mbele ya watu watakaoishi na matokeo yake. Mnywaji wa kahawa wa Ulaya ameweza kukubali hilo. Hakuna sababu mchangiaji wa watoto ashindwe.

Hatimaye wapo wanaosema kwamba kazi hii ni ya serikali, na mashirika yanaipa kisingizio cha kukaa pembeni. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Kufutwa kwa ada na michango ya lazima mashuleni kuanzia Januari 2016 kuliingiza darasani watoto wengi ambao hakuna shirika lingeweza kuwafadhili mmoja mmoja, na TASAF imezifikia kaya zaidi ya milioni moja nchini. Mwaka 2025 ulitufundisha upande wa pili: msaada wa nje unaweza kukatika ghafla. Mwezi Januari Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai shirika la USAID likafungwa. Huduma zilizokuwa zimesimama juu ya nguzo hiyo moja zikayumba katika nchi nyingi za Afrika kwa wakati mmoja. Uamuzi uliofanyika Washington haukuuliza hali ya mtoto wa Mabira. Ndiyo maana fedha za nje, maadamu zipo, ziache nyuma yake kitu kinachobaki: mfuko wa mikopo unaozunguka, mama mzima, jiko la shule linalolishwa na wakulima wa kata. Na kila mradi uingizwe kwenye mpango wa halmashauri, afisa ustawi wa jamii akijua kaya zipi zinahudumiwa na nani, ili shirika likiondoka kaya zisipotee kwenye hesabu.

Kwa anayechangia kutoka mbali, na kwa Mtanzania wa Dar es Salaam au Mwanza anayechangia vilevile, ombi langu ni kuliuliza shirika lako maswali matatu kabla ya kutoa mwaka huu: mama au mlezi wa mtoto huyu amepata nini, wadogo zake wamepata nini, na hesabu zimesomwa lini mbele ya kijiji chao? Kwa madiwani na wabunge wa Karagwe na Kyerwa, msipokee mradi wowote wa watoto usioweza kujibu maswali hayo, hata ukija na magari mapya. Na kwa wazazi wa wilaya hizi, hudhurieni mkutano wa kijiji siku hesabu zinaposomwa, ulizeni, na msikubali mtoto wenu apigwe picha bila kujua inakwenda wapi. Mtoto analelewa na nyumba yake. Anayetaka kumsaidia apige hodi hapo.